Mvumo wa Kaka

Kila asubuhi Fundi alifanya mambo yale yale. Alifungua mlango wa bati, akafagia, akachomeka chuma cha kulehemu ukutani, na wakati chuma kikipata moto yeye alikunywa chai ya rangi amesimama. Hakuwasha redio. Kimya kile cha asubuhi alikipenda kuliko chai yenyewe, kwa sababu kutwa nzima angesikiliza spika zinazokwaruza, redio zinazokoroma na vinanda vinavyopiga noti moja bila kuombwa, na fundi asiyeanza na kimya hajui kelele imeanzia wapi. Mwezi huo alikuwa na sababu zaidi ya kuyatunza masikio yake. Kituo cha redio kilikuwa kinatafuta mtu wa kusikiliza matangazo na kusema kasoro iko wapi, na kilikuwa kimemwita kwa majaribio.

Alikuwa hajamaliza nusu ya kikombe mlango ulipopigwa teke.

"Mdogo wangu! Panua mlango, nimeleta mgonjwa!"

Alikuwa kaka yake, mpiga gitaa, ambaye mji mzima ulimwita Nyuzi. Mikononi hakuwa na kitu. Aliyebeba alikuwa mpiga ngoma wa bendi yake, mtu mpana aitwaye Kishindo, jasho likimchuruzika, amplifaya ameikumbatia kama mtoto aliyelala. Ilikuwa amplifaya ya zamani, ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kabla sauti haijatoka. Nyuzi aliipenda kuliko alivyopenda watu wengi.

"Inavuma," alisema. "Jana ukumbini watu wamegeuka nyuma wakidhani lori limepaki mlangoni. Itibu. Ila usiifungue ovyo. Amplifaya ya valvu ikifunguliwafunguliwa, sauti yake hukimbia."

"Inakimbilia wapi?" aliuliza Kishindo, akiitua mezani.

"Wewe piga ngoma."

Fundi aliiwasha, akasubiri valvu zipate moto. Mvumo ukaja: mzito, wa chini, mkaidi, kama mtu mzima anayekataa kuomba radhi.

Alifuata utaratibu aliofundishwa chuoni. Unaondoa kitu kimoja, unasikiliza. Unaondoa kingine, unasikiliza tena. Kelele ikikatika, umempata mwizi. Alichomoa gitaa. Mvumo ulibaki. Akapunguza sauti mpaka mwisho. Mvumo ulibaki, kwa hiyo haukuwa unatoka kwenye valvu ndogo za mbele. Akazigonga valvu moja moja kwa ncha ya penseli. Moja ilitoa mlio kama kijiko kwenye glasi, akaibadilisha, lakini huo ulikuwa ugonjwa wa pembeni, kama mafua kwa mtu aliyevunjika mguu. Akazitoa valvu zote akazilaza juu ya kitambaa. Mvumo ulibaki. Mwisho akachomoa plagi ukutani.

Mvumo ulibaki.

"Haya sasa," alisema Kishindo, akavuta kiti akakaa.

Fundi alifikiri kidogo. Kitu pekee ambacho hakijaondolewa chumbani kilikuwa watu. Akamwomba Kishindo atoke nje kwa dakika moja. Mvumo ulibaki vile vile. Kisha simu ya Nyuzi ikaita naye akatoka kuipokea, na kadiri alivyozidi kwenda ndivyo mvumo ulivyofifia. Alipovuka barabara ulikuwa umebaki kama mbu. Aliporudi ulirudi naye, na alipoegemea meza ukatikisa misumari ndani ya kopo.

Kwa fundi yeyote, utafiti ungekuwa umekwisha hapo. Fundi alijua la kusema, na lilimfika kwenye meno. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo kaka hukosolewa na mvua, jua na waamuzi wa mpira, si na dada yake mdogo.

"Labda ni waya," alisema.

Akaweka kiganja juu ya bati la amplifaya ili aigeuze, na mvumo ukakatika. Akaondoa kiganja, ukarudi. Akaweka, ukakatika.

"Si nilisema!" Nyuzi alipiga kofi la furaha. "Huyu mtoto ana mkono wa dawa."

Wala haukuwa umepotea. Ulikuwa umeingia kiganjani, ukapanda kwenye kiwiko, ukaja ukatua chini ya mbavu. Haukuuma. Ulikaa tu, kama mgeni aliyeshika begi mapajani, ambaye bado hajasema amekuja kwa siku ngapi.

Hata hivyo Fundi hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Aliifungua plagi. Nyaya mbili zilikuwa mahali pake. Wa tatu, ule wa kijani na njano ambao kazi yake ni kupeleka ardhini kila kisichotakiwa, ulikuwa umekatwa. Haukukatika wenyewe. Ulikatwa kwa koleo, karibu kabisa na mzizi.

"Nani kaukata huu?"

"Mimi. Wapiga gitaa wote tunaukata. Ndio unaoleta mvumo."

"Ndio unaouondoa, kaka. Na siku kitu kikiungua humo ndani, umeme utapita kwenye nyuzi, uje kwako."

"Mungu yupo."

"Yupo. Na yeye ndiye kaumba ardhi," alisema Fundi, lakini kwa sauti ndogo ambayo Nyuzi aliweza kujifanya hakuisikia.

Akauunga waya, akafunga plagi, akarudisha valvu, akawasha. Kimya. Nyuzi akasogea karibu, akaegemea meza, na bado kimya. Sakafu ya saruji ilitetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, kisha ikatulia. Gitaa lilipopigwa lilitoka safi, kila noti imenawa uso. Kishindo alisema hajawahi kuisikia amplifaya ile ikiwa na adabu namna hiyo, akaibeba wakaondoka.

Kesho yake Nyuzi alirudi amevaa ndara zenye soli nene za mpira, macho mekundu kama pilipili.

"Umenimaliza," alisema.

Akaeleza. Mvumo ulikwenda ardhini kama ulivyotumwa, lakini ardhi haikuuweka. Ilimrudishia. Alipofika nyumbani ulikuwa umemtangulia sebuleni, ukapanda kwenye nyayo zake. Alipokaa ulipanda kwa miguu ya kiti, na alipolala ulipanda kwa miguu ya kitanda. Akiwa na ndara alipumua kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba dunia ina tabia hiyo.

"Unasemaje, huo mvumo?" Fundi aliuliza.

"Mvumo unasema? Unavuma tu." Lakini hakumtazama usoni. Alichukua koleo la Fundi kwenye msumari wake, akafungua plagi mwenyewe, akaukata waya pale pale ulipounganishwa. "Ukiweka mkono inanyamaza, au hainyamazi? Basi. Utakuwa unakuja nasi. Hakuna anayeumia."

"Hakuna anayeumia," Fundi alirudia, polepole, kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa aliyokwisha kuinywa.

Jioni kesi ilifikishwa kwa Mama, ambaye Fundi aliishi naye. Mama alisikiliza pande zote mbili huku akikunja nguo, na hukumu ikatoka kabla nguo hazijaisha.

"Kaka yako ni huyo huyo mmoja. Mkono tu, mwanangu. Hajakuomba figo."

Basi Fundi akawa waya.

Bendi ilimwekea kiti nyuma ya amplifaya. Baadaye walimwekea na mto, na jambo hilo lilitajwa mara nyingi kama ushahidi wa jinsi anavyothaminiwa. Kila mazoezi na kila onyesho alikaa pale, kiganja juu ya bati, na muziki ukatoka mweupe kama shuka la hospitali. Nyuzi alianza kusifiwa kwa usafi wa sauti yake. Vijana walikuja kumuuliza siri, naye akawaambia ni vidole, na nidhamu.

Mvumo ulijaa ndani ya Fundi kama maji kwenye pipa. Kwanza aliuona kwenye chai: akishika kikombe, vilitokea viduara juu ya maji, kimoja ndani ya kingine. Kisha redio za wateja zikaanza kukwaruza akizikaribia. Kisha akapata kile alichokiogopa. Mteja alileta spika, akasema ina kitu inakoroma kwa chini, naye Fundi akaweka sikio, akasikiliza, akasikiliza tena, na alichosikia kilikuwa yeye mwenyewe.

"Haina kitu," alimwambia mteja.

Mteja alimtazama kwa huruma, akaibeba spika yake akaipeleka mtaa wa pili.

Siku hiyo Fundi alikasirika. Hakuwa amezoea, kwa hiyo hakujua hasira huwekwa wapi. Alilehemu mahali palipokwisha kulehemiwa. Alifagia sakafu safi. Alimwambia paka wa jirani maneno ambayo paka hakuyastahili, na baadaye akamwomba radhi. Kisha akaenda kwa Nyuzi, akapiga moyo konde njia nzima, na alipofika alisema:

"Kaka, majaribio ya redio ni wiki hii. Nahitaji masikio yangu."

"Si unayo? Hayo hapo mawili," alisema Nyuzi, akamvuta moja kwa upole, kama alivyokuwa akimfanyia tangu wakiwa wadogo. "Wenye redio wakikuona tu watakuchukua. Fundi gani mwingine yuko mjini hapa? Halafu usisahau, Jumapili mchana tuna uzinduzi wa albamu. Ukumbi mkubwa. Vaa kitu kizuri, ingawa nyuma kule hawatakuona."

Majaribio yalifanyika katika chumba ambacho kuta zake zilivikwa sponji mpaka darini. Mkuu wa sauti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani kifuani. Alimkalisha Fundi mbele ya maikrofoni, akafunga mlango, akaenda upande wa pili wa kioo. Fundi hakugusa kitu wala hakusema neno. Mishale ya vipimo ikainuka na kubaki huko juu, ikitetemeka.

Mkuu wa sauti alirudi, akavuta kiti.

"Unavuma, mwanangu."

"Najua, mama. Samahani."

"Usiombe samahani. Tumeshawahi kumpata mwingine, mke wa mwalimu mmoja. Mtu anayevuma kwa mambo yake mwenyewe tunamchukua, tunajua pa kumkalisha. Lakini huu si wako." Alimpa vipokea sauti avivae, akageuza vifundo fulani mpaka mvumo wa juu ukapungua, na uliokuwa chini yake ukajitokeza.

Fundi alisikia. Ilikuwa sauti ya Nyuzi, ikisema ambayo Nyuzi hakuyasema. Ilisema kwamba wimbo uliompa jina aliutunga mpiga besi, yule waliyemfukuza kwa madai ya ulevi, na kwamba mpiga besi hakuwahi kuonja pombe. Ilisema kwamba siku Baba anakata roho alikuwa akimwita yeye, naye alikuwa barazani akilinganisha nyuzi. Ilisema jambo kuhusu mkono wake na bega la mkewe, kisha ikarudi kwenye mpiga besi, ikazunguka hivyo hivyo bila kupumzika.

"Umeona?" alisema mkuu wa sauti. "Tukikuweka hewani tutakuwa tunatangaza siri za mtu bila idhini yake. Sheria haituruhusu. Masikio yako ni mazuri, nimeuliza, nimeambiwa. Rudi ukishamwaga huo mzigo. Nafasi itakusubiri mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo siwezi."

Fundi alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi karibu na Mama. Nyumba yao ilikuwa na mvumo tangu alipopata akili, na kila mtu alisema ni friji. Mwaka mmoja friji ilipelekwa kutengenezwa, ikakaa huko, na mvumo ukabaki nyumbani. Watu wakaendelea kusema ni friji. Sasa, mabega yao yakigusana, mvumo wa Fundi ulikutana na ule wa nyumba, na miwili ile ikafanya mdundo wa polepole, wawa, wawa, wawa, kama inavyotokea nyuzi mbili zikikaribia kulingana lakini bado hazijalingana.

Fundi akamgeukia mama yake. Mama aliendelea kukata kucha.

"Wa baba yenu," alisema Mama. "Alikuwa na redio ya valvu. Ulikuwa hujazaliwa."

"Unatoka lini?"

"Hautoki. Unauzoea."

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu katoka kazini, anatafuta usingizi, nimwamshe nimwambie njoo uchukue vitu vyako?" Mama alipuliza vumbi la kucha. "Na wewe usianze. Jumapili kaka yako ana siku yake."

"Na mimi siku yangu lini?"

Hilo lilimtoka kabla hajalizuia. Mama alizikusanya kucha kiganjani, na sebuleni ukasikika ule mdundo wao wawili.

"Hilo swali," Mama alisema mwishowe, "nililiacha kwa mama yangu."

Jumapili ukumbi ulijaa. Mchana ulikuwa bado mweupe madirishani, watu wakijipepea kwa vipeperushi vya albamu. Mama alikaa mbele. Karibu naye alikaa mke wa Nyuzi, wifi yake Fundi, mwanamke mtulivu aliyesifiwa na wote kwa kutokuwa na makuu. Nyuzi alipanda jukwaani na shati jipya, ndara za mpira miguuni. Siku hizi hakupiga bila hizo, na vijana walikuwa wameanza kumwiga.

"Na nyuma kabisa," alisema kwenye maikrofoni baada ya wimbo wa kwanza, "yuko dada yangu. Mnamwona? Hammwoni. Lakini bila yeye bendi hii si chochote!"

Watu wakapiga makofi. Kilemba cha ukoka kilimkaa Fundi kichwani, akasikia kinavyowasha.

Wimbo wa pili ulikuwa ule uliompa Nyuzi jina. Noti zake za kwanza zilipopita kiganjani, Fundi alizitambua, na akatambua ni nani aliyezitunga, kwa sababu zilipita zikisema hivyo. Akawaza juu ya mpiga besi, ambaye alisikia sasa anachomelea mageti. Akawaza chumba cha sponji. Akainua mkono.

Mvumo ulijaa ukumbini mpaka madirisha yakaitikia. Bendi ikasita, ikanyamaza mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waligeuka kutazama kama kuna lori mlangoni.

Nyuzi alirudi nyuma akitabasamu kwa ajili ya ukumbi. Akasema bila kufungua meno:

"Mdogo wangu. Mkono."

"Mkono umechoka."

"Maliza huu wimbo tu."

"Nimemaliza."

"Unaniaibisha mbele za watu! Leo? Umeingiwa na nini wewe?"

"Ndicho ninachotaka kukuambia, kaka. Nimeingiwa na nini."

Nyuzi alifungua mdomo. Lakini kabla hajasema, wifi alikuwa ameshapanda ngazi za jukwaa. Hakuitwa. Alivua bangili zake, akazitia kwenye mkoba, akazunguka amplifaya kama mtu anayeingia jikoni kwake, akaweka kiganja juu ya bati. Mvumo ukakatika. Ukumbi ukapumua. Wifi akakaa kwenye kiti, akauweka mto vizuri mgongoni.

Fundi aliinama karibu naye.

"Wifi. Tangu lini?"

"Tangu aliponioa." Wifi hakumtazama. "Nyumbani anavuma bila amplifaya, wifi yangu. Nenda kapumzike."

"Mafundi wetu wanapokezana!" Nyuzi alitangaza, na watu wakacheka, na Mama akacheka nao, kidogo, mkono ukiwa mdomoni. Nyuzi akageuka pembeni kulinganisha uzi mmoja uliolegea. Kishindo alitazama wote watatu, akatazama vijiti vyake, akavigonga kuanza kuhesabu.

Maikrofoni ilikuwa wazi. Fundi hakuwahi kusema kwenye maikrofoni isipokuwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Akaiendea. Kishindo akaacha kuhesabu.

"Kaka," alisema, na sauti yake ikatoka na mvumo chini yake, ikawa nzito kuliko alivyotarajia. "Haukuwa waya. Nilisema ni waya kwa sababu nilikuogopa."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo wimbo unavyoanza. Mkono wa wifi ulikuwa bado juu ya bati. Nyuzi alikaza uzi, akaujaribu kwa kidole, akakaza tena, uso ameuinamisha. Fundi alisubiri makofi yaishe, yote, mpaka la mtu wa mwisho aliyeko nyuma.

"Ni wewe unayevuma," alisema. "Ulipokurudia miguuni uliujua ni wako, ndiyo maana ukachukua koleo. Mimi nimechoka kuwa ardhi yako, na mke wako amechoka, hata kama hasemi. Vua hizo ndara, kaka, uubebe mwenyewe."